Nyumba Niliyoijenga kwa Marudio

Sehemu ya Sita

Kwanza niwajibu mnaonitumia meseji. Hapana, sijafa. Hapana, sijahama. Na wewe uliyeniandikia kutoka Sirari, "Si utoke tu kwa hiyo nyumba, madam, kwani umefungwa na kamba?", soma leo mpaka mwisho, halafu unionyeshe mlango ni upi.

Kwa mliochelewa kuingia: mimi ni Waisiko, kwetu Morotonga, Serengeti. Niliolewa Tarime na mwanamke. Ndiyo, mwanamke. Mama Gati alikuwa mjane asiye na mtoto wa kiume, akatoa ng'ombe, akanioa nimzalie watoto wa kubeba jina la marehemu mume wake, Gati. Tunaiita nyumba ntobhu, na huku kwetu hakuna anayeshangaa. Mwanamume wa kunizalisha alimtafuta yeye mwenyewe, Magige, mtoto wa shemeji yake. Nimezaa wawili, Jackson na Robi. Kwa mila Magige hana chake pale. Watoto ni wa Mama Gati, na mimi ndiye mke wa nyumba.

Mama Gati alikuwa na mwalo, sehemu ya kuoshea dhahabu, hapo hapo nyumbani. Mawe yakishasagwa na mashine ya karasha, tunaosha ule unga kwa zebaki, dhahabu inabaki, na mchanga unaotoka tunaumwaga nyuma ya nyumba. Mchanga huo ndio marudio. Ulikua mpaka ukawa kilima, mbuzi wanapanda.

Basi mimi na akili zangu! Nilikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa kuokota taka, tunauza chupa, madumu na vyuma chakavu. Nikautazama ule mchanga laini, wa bure, nikasema nao ni taka, kwa nini usiwe mali? Nikafyatua tofali. Nikabomoa nyumba ya nyasi, nikajenga hii. Wageni wakaletwa kuiona, wakanipiga picha nimeshika tofali kama nimeshika mtoto wa ubatizo. Majirani wakaiga.

Mara ya mwisho niliwaacha pale Winfrida, afisa mazingira wa halmashauri, alipokwangua ukuta wangu, akatia unga kwenye mfuko, akaondoka bila hata kunywa chai.

Juzi alirudi.

"Shikamoo, Mama Gati. Dada Waisiko, habari za hapa? Naomba tukae nje."

"Nje kwa nini? Chai iko ndani."

"Ndiyo maana nataka tukae nje."

Tukakaa nje. Magige naye akaja, maana yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya taka ya kijiji, na nyuma yake alikuja mwenye plenti, yule bwana wa matangi makubwa anayesafisha marudio upya kwa dawa. Nikajua hapa hakuna jema.

"Ukuta una zebaki," Winfrida alisema. "Sakafu ina zebaki. Jua likiupiga ukuta, mnaivuta. Dada, hao watoto wana hali gani?"

Nilitaka kumjibu wazima kabisa. Lakini Robi alikuwa mbele yetu ameshika kikombe cha uji, na uji ulikuwa unamwagika kidogo kidogo kwenye gauni lake. Mkono ulikuwa unatetemeka. Nimeuona huo mkono mara ngapi nikamwambia acha mchezo! Nikageuka nikamtazama Mama Gati. Mikono yake nayo ilikuwa hivyo hivyo kwenye mapaja, na siku zote tulisema ni uzee.

Nikampokonya Robi kikombe, nikamfuta gauni.

"Mpango wa kijiji uko hivi," Winfrida akaendelea. "Marudio yote yanakusanywa sehemu moja, yasafishwe tena, na mabaki yafukiwe kwenye shimo lililotandikwa plastiki. Na nyumba zilizojengwa kwa marudio zinabomolewa. Zinakwenda huko huko."

"Na mimi ninalala wapi? Kwenye plastiki?"

Mwenye plenti akacheka. "Mama, usiwe na wasiwasi. Nyinyi mliosha kwa karai. Dhahabu mliyoiacha humo ukutani ni nyingi kuliko mliyouza. Nipe ukuta wako nikausage, mimi nakujengea nyumba nyingine. Bati la rangi, sakafu ya saruji, madirisha ya vioo. Bure."

Nilipiga vigelegele. Nawaambia ukweli, nilipiga vigelegele peke yangu pale uani kama mwendawazimu. Watoto wangu watatoka kwenye sumu na kuingia kwenye vioo!

Mama Gati alinyanyuka polepole, akaenda akakaa kizingitini, miguu ameinyoosha mbele.

"Nyumba hii haivunjwi," akasema.

"Mama, umesikia zebaki?"

"Nimeiosha zebaki kwa hii mikono kabla wewe hujaota meno. Haivunjwi."

"Mama mkubwa, acha ubishi," Magige akasema. "Mura, kijana wangu, mwambie mama mkubwa aelewe," akamgeukia mwenye plenti, kana kwamba mimi sipo.

Nikamwingiza Mama Gati ndani, nikamketisha kwenye kigoda karibu na mafiga. Hayo mafiga matatu ni mawe aliyokuja nayo kutoka kwa mama mkwe wake. Nyumba ya nyasi ilipobomolewa, hayo hayakubomolewa. Nilijenga kuta za tofali kuyazunguka, moto ukiwa unawaka, kwa amri yake.

"Mama, sema na mimi. Unataka Robi afe?"

"Usinitukane, Waisiko." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Wewe unaona kuta. Mimi nilikuoa kwa nyumba. Nyumba ikianguka, moto ukazimika, mimi nimekuwa nani? Kikongwe asiye na mtoto. Na Magige atasema nini? Atasema ntobhu imekwisha, watoto ni damu yangu. Ndiyo maana ana haraka. Wewe unadhani anakupenda wewe na bati la rangi?"

Jamani! Kumbe mama aliona mbali na mimi nilikuwa naona vioo.

"Basi wajenge mpya kwanza," nikasema. "Ikishasimama, tunahamisha moto na mafiga, nyumba haijaanguka hata kidogo. Halafu hii waisage wanywe."

Alinitazama, akatikisa kichwa, akaanza kutabasamu. "Una akili wewe mtoto. Wakati mwingine."

Nikatoka nje kifua mbele. Nikawaambia. Mwenye plenti akasema hana shida, ataanza kujenga wiki ijayo. Winfrida akasema ni wazo zuri. Mimi nikaanza kuonyesha kwa kidole, hapa pembeni ya ghala, mlango uangalie barabara.

"Hapo hapana," Winfrida akasema taratibu. "Dada, mwalo ulikuwa hapa. Uwanja wote huu umechafuka, nimeupima. Hapa hapakaliwi na mtu mpaka udongo usafishwe. Inabidi upande wa juu."

Upande wa juu ni wapi? Tulinyanyua macho wote pamoja. Juu ya uzio wa katani kuna boma la Magige.

"Mimi sina roho mbaya," Magige akasema. "Kiwanja ninacho. Wajenge kwangu."

Wasomaji wangu wa mjini, naomba mnielewe. Kwetu nyumba ya mwanamke iliyosimama ndani ya boma la mwanamume ni nyumba ya huyo mwanamume. Nikilala humo usiku mmoja, mimi ni mke mdogo wa Magige, na wanangu ni wake kwa damu na kwa boma. Huyo mtu anampiga mke aliyenaye mpaka majirani wamechoka kuamua. Na zamani, alipokuwa anakuja kwangu kwa kazi aliyotumwa na Mama Gati, hakuwahi hata kuniamkia.

Nikakimbilia simu. Nikampigia kaka yangu Nikodemo, Morotonga.

"Kaka, nakuja nyumbani na watoto."

Nilisikia akipunguza redio.

"Kaka?"

"Nakusikia, dada. Unakuja kusalimia au unakuja?"

"Nakuja."

"Dada, ukija hivyo watadai ng'ombe zao." Akashusha sauti. "Ng'ombe zako ndizo nilizomtolea Wegesa mahari. Nikizirudisha na yeye anarudi kwao. Ana mimba, dada. Ananiangalia hapa."

Ningemwambia nini? Wegesa nampenda. Alinisuka nywele siku ya harusi yake, akaniambia asante kwa ng'ombe.

"Watoto walete hata leo," Nikodemo akasema. "Waje na bibi yao kutembea, nani atauliza? Lakini wewe usikimbie. Tafadhali, usikimbie."

Nikakata simu. Nikakaa chini kwenye ule udongo uliopimwa.

Jioni ile ile Magige aliitisha ritongo, baraza letu la ukoo. Watu wakajaa uwanja wa shule, wengi wao ni majirani walioniiga tofali. Walivyonitazama! Mama mmoja wa kikundi changu, tuliyeimba naye "taka ni mali", alipita akanitemea mate karibu na kandambili.

Magige alisema maneno mazuri. Alisema ana uchungu na watoto. Alisema kama mwenyekiti wa kamati ya taka hawezi kukubali sumu ibaki kijijini kwa ajili ya ubishi wa wanawake wawili. Watu wakaguna kwa kukubali. Ubaya ni kwamba nusu ya aliyosema ilikuwa kweli.

Mzee Mogesi, mkubwa wa baraza, akaniita mbele.

"Shikamoo, tata," nikasema, maana mzee kwetu ni tata, baba.

"Marahaba. Wewe mke wa Gati, una neno?"

"Tata, mimi sikatai ivunjwe. Nakataa kuhamishiwa kwa Magige. Nitafutiwe mahali pengine."

Winfrida akanyoosha mkono. Alisema kijiji kina eneo la akiba upande wa mtoni, kwamba akipewa muda atakaa na viongozi, wanaweza kunipatia kiwanja kisafi. Siku chache tu. Ningeweza kumkumbatia.

Wazee wakasogea pembeni, wakanong'ona, wakarudi.

"Sikilizeni," Mzee Mogesi akasema. "Siku chache za kutafuta kiwanja tunazitoa. Lakini nyumba si tofali. Nyumba ni mafiga na moto wake. Moto ukiwaka na mke wa nyumba yumo, nyumba ya Gati ipo, na hakuna mtu wa kuigusa, hata kamati. Asubuhi yoyote mke akikutwa nje, au mafiga yakiwa baridi, nyumba imekwisha. Katapila lifanye kazi yake, na watoto tutawaamulia."

"Mzee, humo ndani kuna sumu!" Winfrida alipaza sauti.

"Ndiyo maana tumesema siku chache, mama."

Mnaona sasa? Nikitoka, napoteza watoto. Nikikaa nao, nawaua. Njia iliyobaki ni moja. Watoto watoke, mimi nibaki.

Mama Gati alisema kabla sijasema. "Nitawapeleka mimi Morotonga. Nitakaa nao kwa kaka yako mpaka huyu binti wa halmashauri apate kiwanja. Mimi si mke wa nyumba, mimi ni mwenye nyumba. Nikitoka hakuna anayenihesabu."

Yule yule aliyekaa kizingitini akiapa nyumba haivunjwi! Nilimshika mikono yake inayotetemeka nikalia. Nilimwambia asante, mama. Nililia sana mpaka Jackson akanivuta gauni.

Jana mchana akafunga mzigo wake kwenye kitenge. Mimi nilikuwa nje nawavalisha watoto viatu. Nilikuwa nimeacha majivu yamefunika makaa, maana kuni zilikuwa zimeisha, na yeye akasema, "Kaokote kuni, Waisiko, hapa ndani nitapanga mimi." Nikaenda nikarudi na mzigo wa kuni, nikautupa mlangoni.

Bodaboda akafika. Akainua ule mzigo wa kitenge, akayumba.

"Ai, Bibi! Umebeba mawe?"

"Nimebeba vya kwangu. Endesha."

Hata mimi nilicheka. Nikambusu Robi kwenye viganja vyote viwili. Jackson akaniuliza, "Mama, wewe unakuja lini?" Nikamwambia nyumba ya vioo ikiisha. Pikipiki ikaondoka na vumbi, watatu wamebanana nyuma ya dereva, Mama Gati hakugeuka.

Nikakaa mlangoni, pua nje, miguu ndani. Kwa mara ya kwanza tangu juzi nilivuta pumzi. Nikasema, Waisiko, umeshinda. Watoto wako kwenye barabara ya Mugumu, Magige amebaki na kamati yake. Nikaimba hata wimbo wa kwaya.

Jua lilipoanza kulala simu ikaita. Nikodemo.

"Dada, Wegesa ameshapika. Mbona hawaondoki huko?"

"Wameondoka tangu mchana, kaka."

"Hapa hawajafika. Kituoni nilikuwa mwenyewe."

Pancha, nikajiambia. Pikipiki zinapata pancha kila siku. Nikainuka niwashe moto, maana mikono inataka kazi mtu akiwa na hofu. Nikachukua kuni, nikaingia ndani, nikainama, nikafukua majivu kutafuta makaa.

Majivu yalikuwa na mafiga mawili.

Nilipapasa. Nikapapasa tena kama kipofu, mpaka nikaungua kidole. Pale palipokaa lile jiwe la tatu, la upande wa mlango, palikuwa na shimo safi la mviringo. Lilichimbuliwa kwa kijiti, bila haraka. Kijiti kilikuwa bado hapo.

Umebeba mawe, Bibi?

Nilitoka mbio mpaka kizingitini, nikajishika kwenye fremu kwa mikono miwili nisivuke. Na hapo ndipo nilipouona moshi. Ulikuwa upande wa juu, nyuma ya uzio wa katani, moshi mweupe wa moto uliowashwa sasa hivi. Ile bodaboda ilikuwa imeegeshwa kwenye geti la Magige. Nikasikia Robi anacheka.

"Jackson!" nikaita. "Jackson!"

Hakuitika yeye. Kilitokea kichwa cha Mama Gati juu ya katani, kitenge kimefungwa kwa staha, kama mwenyeji anayekaribisha wageni.

"Usipige kelele, Waisiko, watoto wanakula."

"Mama, umefanya nini?"

"Nimehamisha nyumba yangu." Alisema hivyo hivyo, bila hasira. "Jiwe la mama mkwe wangu liko hapa na moto unawaka juu yake. Nyumba ni ya Gati, hata ikisimama kwenye boma la nani. Nitalala humo mimi mwenyewe, Magige tumeshaongea. Kiwanja cha mtoni wewe unakiamini? Mimi nimezeeka, siwezi kungojea mkono wa Robi ukauke huku mnapima udongo."

"Magige atakugeuka! Ukifumba macho tu, atasema yote ni yake!"

Alikirekebisha kitenge kichwani. Aliangalia chini, na nikajua ameshaliwaza, na amekwenda hivyo hivyo.

Nyuma yangu mafiga mawili yalikuwa yanapoa. Kwa wazee, moto wangu ni moto au si moto? Sijui. Nikibaki, huenda nalinda tundu la majivu. Nikivuka, nyumba hii imekwisha, na mguu wangu unaofuata unakanyaga boma la Magige.

Barabarani nikasikia katapila linawashwa. Hawakuwa na haja ya kusubiri asubuhi, mtu alikuwa ameshawaambia kuhusu lile jiwe. Magige alitembea mbele yake na filimbi mdomoni, taratibu, akiwaondoa mbuzi njiani.

"Njoo, mke wangu," Mama Gati akaita kule juu, na sauti yake sasa ilikuwa inatetemeka kama mikono yake. "Toka huko ndani. Ugali unapoa."